Gari Utakamolala Peke Yako

Ipo siku moja ya Kinondo, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka humwombea rehema shangazi yangu Mwanamisi. Nimesikia umeona gari kuukuu huko Diani, lenye kitanda na jiko ndani, nawe wataka kuizunguka nchi peke yako. Basi keti kwanza.

Nilikuwa msichana wa kazi katika hoteli, na nilikuwa nikiwaona wageni wakija na magari kama hayo, wakilala watakapo na kuondoka watakapo. Moyo ukanishika. Nikamwambia baba nataka langu, niione nchi kabla sijaolewa. Lo! Nyumba nzima ilivimba. Mama alilia. Baba akasema, shangazi yako akiliridhia gari utakwenda, akilikataa tusilisikie tena neno hili. Safari yangu yote ikawa mikononi mwa mwanamke muuza leso. Lakini shangazi alikuwa akipanda malori peke yake mpaka Taru kuwauzia leso wafugaji, na njia alikuwa akiijua.

Gari nililolipata lilikuwa la Mzee Hamadi wa Kinondo, limeegeshwa nyuma ya nyumba yake karibu na ufuo. Jeupe, rangi mpya, mapazia ya maua. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini wakati ule nani angeniambia? Tulipiga hodi, tukaamkiana, tukakaribishwa mahamri na mbaazi na chai ya iliki. Alikuwa mkarimu yule mzee. Kila aliponijazia sahani ulimi wangu ulizidi kuwa mzito. Watujua sisi watu wa pwani: ukishakula kwa mtu, kumkagulia mali yake mbele ya macho yake waona kama wamtukana. Nikamnong'oneza shangazi, "Tumeshakula kwake. Tukubali tu."

"We mtoto we!" akanijibu. "Mahamri tumeshukuru. Mahamri yatakufikisha Taru?"

Akainuka na kijiko chake cha chai mkononi, akaingia garini, akaliinua zulia la chini ya kitanda. Akadunga. Mwanangu, kijiko kilipita! Chuma chote kilikuwa kutu tupu, mchanga wa uani tukauona kwa tundu lile. Mzee Hamadi aliona haya mpaka nikamhurumia.

"Wallahi sikujua, bibi," akasema.

"Najua hukujua, kaka," shangazi akamjibu kwa upole. "Chumvi ya pwani haipigi hodi."

Tukaagana vizuri, hata mahamri ya njiani akatufungia. Mimi nililia njia nzima, nikijua safari imekufa. Shangazi aliniacha nilie, kisha akasema, "Nimekataa gari. Nani amekwambia nimekataa safari?"

Akanipeleka Taru, kwenye nchi kavu, kwa mtu aliyekuwa akiuza gari, ambaye kwanza shangazi aliwauliza majirani habari zake kama tunavyoulizia mtu aliyeleta posa. Gari lenyewe, mmh! Rangi ya vumbi, ubavu umebonyea. Lakini chini lilikuwa zima. Shangazi akatandika leso kivulini, akaketi, akaniamuru nibadilishe gurudumu. Mwenye gari alipokuja kunisaidia akamfukuza: "Mwache! Huko aendako wewe hutakuwapo." Nilitoka jasho, nikavunja kucha, gurudumu likakaa. Kisha akaniambia nijilaze kitandani, halafu nifike kwenye usukani bila kushuka. Nikapenya katikati ya viti.

"Hapo sawa," akasema. "Mwanamke aliye peke yake akisikia jambo baya nje, hafungui mlango. Huwasha gari akaenda zake."

Tukalinunua, nikasafiri. Na siku ya jambo hilo ilifika. Alfajiri moja, mbali sana na kwetu, watu nisiowajua walilizunguka gari langu wakiuvuta mlango. Sikushuka. Nilipenya katikati ya viti, nikawasha, nikaenda zangu. Nililia huku nikiendesha, nikimshukuru shangazi kwa sauti, kana kwamba ameketi pembeni yangu.

Basi nenda Diani, mwanangu. Chai ya mwenye gari inywe, umshukuru, kisha uliinue zulia. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, kwa hiyo waulize majirani gari limelala wapi miaka hii yote. Kitanda kizuri kisikutie wazimu. Chagua gari utakaloliweza peke yako, likiharibika au ukihitaji kukimbia. Na ukilikosa hilo usivunjike moyo, magari yapo mengi, roho yako ni moja.

Shangazi angeweza kuninyima dunia. Alininyima gari bovu tu, Mungu amlaze pema. Nami sikunyimi. Mola akufungulie njia, akuepushe na wenye nia mbaya, akulaze salama kila ulalapo, akurudishe kwetu Msambweni ukiwa mzima wa afya. Nenda kwa radhi zangu.