Miaka Miwili Aliyomwongezea

Katika shirika letu la Kikristo la kusomesha watoto wa wakimbizi, wote walimwita Dada Rejista, naye aliitika. Alikuwa karani wa usajili kwa miaka kumi na mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa ameingia nchini kama mkimbizi. Meza yake ilikuwa pembeni mwa ukumbi wa kanisa, ambako kila Jumatatu tuligeuza mabenchi ya ibada yakawa ya darasa.

Watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Dada Rejista alimwambia mtoto, "Hebu cheka nikuone," akahesabu meno yaliyong'oka na yaliyoota, kisha akakisia mwaka. Siku na mwezi havikumsumbua. Wote aliwaandika tarehe moja Januari. "Siku hiyo tukioka keki," alikuwa akisema, "labda tukaikatie uwanjani."

Miaka minane iliyopita, mama mmoja mfuaji nguo alimletea binti wa miaka mitano. Darasa la kwanza lilipokea watoto wa kuanzia miaka saba.

"Dada yangu, mwandike saba," mama alisihi. "Nikienda kufua nimwache na nani?"

"Huyu hata jino moja halijalegea."

"Basi mwambie afunge mdomo."

Dada Rejista alicheka sana, akaandika saba.

Tangu hapo binti hakuwahi kushika nafasi ya pili. Mwaka huu, muhula mmoja kabla ya kumaliza darasa la nane, shirika lilitangaza nafasi moja ya kusomeshwa sekondari ya bweni, kwa mwanafunzi bora asiyezidi miaka kumi na minne. Binti alikuwa na kumi na mitatu. Rejista ilisema kumi na mitano.

Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya wafanyakazi, Dada Rejista alimfuata mkurugenzi wetu, ambaye ni mchungaji, hadi ofisini kwake. Mimi nilikuwemo, nikipanga mafaili.

"Mchungaji, kosa ni langu. Miaka miwili niliiongeza kwa mkono wangu. Niandikie onyo, nifukuze ukipenda, lakini saini masahihisho."

Mchungaji alivua miwani. "Nikimsahihisha huyu mmoja, wafadhili watauliza, na hao mia sita wengine?"

"Hao nao nilikisia."

"Usirudie kusema hivyo mahali popote." Alikutanisha viganja juu ya meza. "Tuombe, dada."

"Tumeshaomba, Mchungaji. Sasa nataka saini."

Aliomba peke yake, kwa sauti. Hakusaini.

Nafasi ikamwangukia mvulana aliyeshika namba mbili. Alipofika kwetu alikuwa mfupi na meno yamechelewa, kwa hiyo Dada Rejista alimkisia mdogo. Sasa rejista ilimpa kumi na minne kamili. Mlinzi wa getini alishindwa kujizuia. "Kumi na minne gani, jamani? Jana kaja kuniazima wembe!"

Walimu waliangua kicheko. Dada Rejista ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba umri wa mvulana ni sahihi. Alithibitisha, akagonga muhuri.

Ijumaa mama mfuaji alikuja na binti yake.

"Ina maana huwezi kufuta ulichoandika mwenyewe?"

"Ruhusa ya kufuta si yangu, dada."

"Kuandika uliweza." Alivuta pumzi. "Sikulaumu, mwenye kukuomba nilikuwa mimi. Ila huyu ananiuliza alikosea wapi, na mimi jibu sina. Mjibu wewe uliyesoma."

Dada Rejista alimtazama binti, akainamisha macho kwenye karatasi zake.

"Basi mtoe kwenye daftari," mama alisema. "Nimepata nyumba mbili zinazotaka mfuaji."

"Mwache amalize muhula, dada. Umebaki mmoja tu."

"Amalize aende wapi?"

Binti alivua tai ya shule, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, kwa sababu ilikuwa mali ya shirika.

Walipoondoka, Dada Rejista alitoa fomu ya mwanafunzi aliyeacha masomo. Sehemu ya sababu ina visanduku vitatu: amehama, amefariki, amezidi umri.

"Hakuna cha 'tumemkosea'?" aliniuliza.

"Hakuna," nikasema.

Akaweka alama kwenye cha tatu, akanipa nikafaili.