Simu Ndani ya Kamera

Kwa miaka thelathini mpiga picha huyu alikuwa na neno moja tu kazini, "tulia," mpaka watu wakamwita hivyo hivyo, na mkewe naye akazoea. Ukicheka mbele ya kamera yake alikungoja umalize, kama mtu anayengoja mvua ikatike.

Kamera ilipomfia, binti yake alimletea simu. Kitu chenyewe kilienea kiganjani, lakini nyuma kilikuwa na macho matatu, na picha zake zilionyesha hata uzi uliochomoka kwenye kola. Binti alijua vidole vya baba yake havipatani na vioo, kwa hiyo aliitegesha ijifanyie mambo: ipige picha mtu akitabasamu, na ipokee yenyewe kila yeye binti anapompigia.

Wateja wakaiona, wakageukia mlangoni. Picha ya simu kila mtu anajipigia kwake. Tulia aliumia sana, maana studio ile ndiyo iliyomfanya aitwe mtu. Siku ya tatu akaitoa matumbo kamera yake kubwa, akaishikiza simu ndani kwa sponji, akarudisha kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Wateja wakarudi mbio.

Kasoro ikawa moja: sasa ilimbidi awachekeshe, yeye Tulia, na mizaha hakuwahi kuisomea, wengi wakaondoka bila picha.

Ndipo akaja mwalimu mkuu anayestaafu, akitaka picha ya kutundikwa ofisini. Ikimpendeza, shule nzima ingefuata. Isipompendeza, Tulia alishamwahidi binti yake kufunga studio na kuhamia kwake. Mwalimu akakaa, uso umefungwa kama mlango wa stoo. Tulia akasimulia kisa cha mbuzi. Akawika. Akajigonga kichwa kwa makusudi. Mwalimu akamuuliza kama anaumwa.

Jasho linamtoka Tulia chini ya kitambaa, mara kamera ikasema, "Baba, umekula?"

Mwalimu akauliza kwa ukali ni nani huyo. Binti, mtoto aliyelelewa akaleleka, aliposikia sauti ya mtu mzima hakusita.

"Shikamoo."

"Marahaba," mwalimu akaiitikia kamera.

Kisha akatambua alichokiitikia, tabasamu likamponyoka, na simu ikapiga picha.

Siri haikufichika tena. Tulia akaifungua kamera, akaitoa simu, akasubiri kwa aibu mwalimu aondoke zake. Mwalimu akaitazama, akatia mkono mfukoni, akatoa simu kama ile ile.

"Mjukuu wangu alinitegeshea hii," alisema polepole. "Mwezi mzima najipiga picha, inagoma. Nimeipeleka kwa fundi mara mbili, anasema haina ubovu."

Tulia akamweleza kwa upole kinachohitajika. Mwalimu akaitazama ile picha moja kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi mtu huyo.

"Irudishe humo ndani tupige nyingine," akasema, akijiweka sawa kitini. "Na mwanao asikate."