Mita Mia Nane za Fundi

Zilikuwa zimebaki wiki mbili mwaka uishe, na fundi pikipiki alikuwa amenuna. Kununa kwa siku mbili tatu ni kawaida yake na mke wake alishazoea, lakini safari hii ilikuwa mwezi mzima, tangu mbio za mwisho. Siku hiyo alivuka mstari, akaangalia saa ya mkononi, akakuta amekimbia kwa saa mbili na dakika saba, akaitikisa ile saa kama mtu anayetikisa redio iliyogoma.

Tatizo ni kwamba alishasema. Kikundi chao cha kukimbia kina utaratibu wake: mwisho wa mwaka wanakutana kwenye darasa moja la shule ya msingi, kila mtu anakwenda ubaoni na kuandika lengo la mwaka unaokuja, na mwenyekiti, mwalimu mstaafu asiyejua kusahau, analinakili kwenye daftari. Mwisho wa mwaka uliopita fundi aliandika kwamba atakimbia kilomita ishirini na moja chini ya saa mbili. Aliandika kwa herufi kubwa, akapiga na mstari chini. Tangu hapo ameshiriki mbio nne, na zote nne zimemwacha nje ya saa mbili. Ya kwanza alilaumu viatu. Ya pili jua. Ya tatu alilaumu maharage ya jana yake, na mke wake, ambaye ndiye aliyeyapika, hakusema naye mpaka kesho yake.

Kilichomtia wazimu zaidi ni kwamba mazoezini alikuwa moto. Alikuwa na njia yake mwenyewe: inaanzia kwenye banda lake la ufundi, inapita nyuma ya kiwanda cha magodoro, inazunguka uwanja wa mpira na kurudi kwa barabara ya lami. Kilomita kumi kamili. Aliipima mwenyewe kwa pikipiki yake mwezi wa pili, taratibu, akichungulia mita kila baada ya nyumba mbili. Kumi zile alikuwa anazimaliza kwa dakika hamsini na mbili. Sasa mtu wa dakika hamsini na mbili, kwa hesabu yoyote ile, anashindwaje kuingia chini ya saa mbili?

"Shemeji, simu yangu inasema njia yako ni tisa na kitu," aliwahi kuambiwa na mdogo wa mke wake, kijana mrefu ambaye hafanyi mazoezi zaidi ya mara moja kwa wiki na bado anamaliza mbio akiwa anatafuna karanga.

"Simu imetengenezwa ya kupigia," fundi alijibu. "Mita imetengenezwa ya kupimia. Usinifundishe kazi."

Kwa hiyo alipokosa cha kulaumu kwenye mwili wake, alihamia kwenye barabara. Aliamua kwamba waandaaji wa mbio wanapima vibaya. Njia yao ni ndefu, labda kwa kilomita nzima au zaidi, na watu wazima wanaumizwa roho bure. Akaamua kikundi kiwaandikie barua. Mke wake ndiye aliyeiandika, kwa sababu mwandiko wa fundi unasomwa na fundi peke yake. Barua ilikuwa na kurasa mbili na maneno kama "uzembe" na "tunadai majibu". Ilitakiwa isomwe Jumapili kwenye kikao cha mwisho wa mwaka, wote watie sahihi, ipelekwe Jumatatu.

Mke wake aliiandika kwa hasira ya kweli, maana na yeye alikuwa mkimbiaji sasa. Mwezi wa tatu alianza kumfuata mumewe nyuma, akihema, akisimama kila kona kushika kiuno. Mwezi wa kumi aliimaliza ile njia yote bila kusimama hata mara moja. Alikaa chini mlangoni pa banda, kwenye sakafu yenye mafuta machafu, akalia. Halafu akapiga simu kwa dada zake watatu, mmoja baada ya mwingine, akawaambia: nimekimbia kilomita kumi. Yule mkubwa hakuamini, ikabidi fundi mwenyewe apewe simu athibitishe.

"Kumi kamili, dada," alisema. "Nimepima mimi."

Sasa Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, msambaza mikate mmoja alileta pikipiki yake bandani akilalamika.

"Fundi, mita yangu ina mapepo. Kutoka kwetu mpaka kiwanda cha mikate siku zote ni kumi na mbili. Wiki hii inasoma kumi na tatu. Bosi anasema nazungukazunguka na mikate yake."

Fundi alichuchumaa, akatazama gurudumu la mbele, akacheka kwa dharau aliyoiweka akiba kwa wateja.

"Nani kakufungia hii ringi?"

"Kuna jamaa tu."

"Jamaa tu! Pikipiki yako ni ya ringi kumi na nane, yeye kakuwekea kumi na saba na tairi jembamba. Mita inahesabu mizunguko ya gurudumu, mzee. Gurudumu dogo linazunguka mara nyingi zaidi, mita inadhani umekwenda mbali kumbe hujafika. Hili hata mtoto wa darasa la tano analijua. Nyinyi mnafunga tu vitu bila kufikiri, halafu mnakuja kutusumbua sisi..."

Mdomo ulibaki wazi. Macho yake yalikuwa yamevuka bega la mteja na kutua kwenye pikipiki yake mwenyewe, imeegemea ukutani, na ringi yake ya mbele aliyoibadilisha mwezi wa kwanza baada ya kuingia shimoni. Siku ile hakuwa na ya kumi na nane. Alifunga kumi na saba, ya muda tu, mpaka ipatikane nyingine.

"Fundi?" mteja aliita. "Sisi nini?"

"Njoo Jumatatu," fundi alisema, akamsukumia nje.

Alifunga mlango, akachukua futi ya chuma, akayapima magurudumu yote mawili ya pikipiki yake, la nyuma la kumi na nane na la mbele la kumi na saba, akapiga hesabu nyuma ya boksi la plagi. Akarudia. Majibu yalikuwa yale yale: njia yake ilikuwa kilomita tisa na mita mia mbili. Mita mia nane hazikuwepo. Hazijawahi kuwepo. Waandaaji walikuwa sahihi, barabara ilikuwa sahihi, maharage yalikuwa sahihi. Mwongo alikuwa yeye na dakika zake hamsini na mbili. Alikuwa mtu wa saa mbili na dakika saba, mwaka mzima, na alikuwa ameambiwa hivyo mara nne mbele ya watu na kukataa kusikia.

Alilitupa lile boksi chini na kulikanyaga. Halikumsaidia kitu.

Usingizi haukuja vizuri, na asubuhi alitamani kuumwa. Angeweza kukaa kimya, nani angejua? Lakini watu kumi na wawili wangetia sahihi kwenye uongo wake, na mke wake ndiye aliyeandika kila neno. Akaenda.

Darasani walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Wengine walishaandika malengo yao. Mke wake alikuwa ameandika "21" kwa chaki nyekundu na kurudi kukaa akiwa hawezi kuficha meno. Mwenyekiti akaivuta barua.

"Mwalimu, usisome," fundi alisema akisimama, na dawati likasimama naye. "Barabara haina kosa. Kosa ni langu. Njia yangu ni fupi. Nimeipima na ringi ya kumi na saba."

Alieleza yote, ya msambaza mikate na ya futi ya chuma, akiangalia sakafu. Kicheko kilianzia kwa shemeji yake na kuzunguka darasa zima. Mwenyekiti alivua miwani akajifuta machozi. Fundi alisimama akakipokea chote, masikio yanawaka, akijiambia kwamba kitaisha.

Kikaisha. Ndipo akaona kwamba mtu mmoja hakuwa amecheka.

"Kwa hiyo zile kumi zangu," mke wake aliuliza, "ni ngapi?"

"Tisa," fundi alisema. "Na mia mbili."

"Tisa."

"Na mia mbili."

"Dada yangu aliuliza kama nina uhakika. Nikakupa wewe simu."

Shemeji wa fundi alijaribu kusema tisa nazo si haba, dada yake akamtazama, naye akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Mke wa fundi alikwenda ubaoni. Alichukua kitambaa akaifuta "21" taratibu mpaka ubao ukawa mweusi kabisa mahali pale, akaandika "10".

"Na nitapimiwa na mtu mwingine," alimwambia mwenyekiti. "Hilo nalo liandike."

Halafu akamwekea mumewe chaki mkononi, bila kumwangalia, akarudi kukaa.

Fundi alikuwa ametembea na namba yake kichwani wiki nzima: saa moja na dakika hamsini na tano. Ilikuwa namba nzuri. Alisimama nayo mbele ya ubao, mgongo kwa watu. Akaandika saa mbili na dakika sita. Ilimuuma kila tarakimu. Mwaka mzima wa kuamka alfajiri, na alichostahili kuahidi ni dakika moja.

"Ndiyo hiyo?" mwenyekiti aliuliza, kalamu juu ya daftari.

"Ndiyo hiyo."

Akarudi kukaa. Kwenye dawati lao, pale alipokuwa amekaa fundi, mke wake alikuwa ameweka mkoba, na hakuuondoa.