Inzi Aliyehamishwa Ukoo

Juzi kwenye kivuko cha Busisi nilikuwa nasoma gazeti kwa sauti, maana kusoma kimyakimya bado kunanishinda. Elimu ya watu wazima nimemaliza majuzi tu, na magazeti siku hizi ni mengi, basi nasoma lolote. Habari ilikuwa ya inzi wa kale sana, aliyenasa kwenye utomvu wa mti mpaka ukawa jiwe. Wataalamu wamemchunguza upya, wakaona waliompa jina zamani walimweka kwenye ukoo usio wake. Wamemhamisha.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja na mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyepakata mtoto anayelia. Walikuwa wanavuka kwenda kwa wazee, mtoto abadilishwe jina. Kwetu mtoto asiyenyamaza husemwa analilia jina la babu zake.

"Umesikia?" bibi akamwambia mkwe. "Hata wasomi wanabadilisha."

Mkwe akainama. "Mama, hilo alilonalo ni la marehemu baba yangu." Kisha akanigeukia. "Shikamoo mzee. Huyo inzi, jina la kwanza wamelitupa?"

Nikarudia mistari ile, kidole chini ya kila neno. "La ukoo ndilo limebadilika, mwanangu. Lake mwenyewe wamemwachia."

Tukafika ng'ambo. Hapo bibi akampokea mtoto, akamfunga mgongoni mwake. "Basi tutaongeza la kwetu, la baba yako libaki. Akizidi kulia, mnyonyeshe."

Gazeti lile nililinunua nitafute habari za pamba. Kumbe nilikuwa nimemnunulia yule mama wa mtoto.