Ngege wa Senge Katika Shimo Letu la Matofali

Shangazi wa mume wangu, ambaye sote tulimwita senge kwa desturi ya kwetu, alikuwa ameolewa ng'ambo tu ya kijito, karibu kiasi kwamba akimwita mbwa wake, wetu naye huinuka. Boma letu lilikuwa huko Iguhu, kwenye mteremko. Chini ya shamba lake, pale maji yalipojitokeza yenyewe ardhini, senge na mumewe walikuwa wamechimba bwawa wakalitia ngege. Siku hizo bwawa la samaki halikuwa jambo la kila boma. Watu walifuga ng'ombe na kuku, wakalima mahindi na nduma. Aliyetaka samaki alimngoja mchuuzi siku ya soko. Senge alikuwa na wake, na kila asubuhi aliwapelekea mabaki ya ugali. Wakiona kivuli chake tu, walikusanyika ukingoni kama kuku.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Mashamba ya wazungu kule Lugari yalikuwa yakigawiwa wananchi, na mume wa senge akapata kipande. Tulishangilia. Mama mkwe wangu alichinja kuku, tukala tukaimba. Lakini senge alikuwa akipangusa macho kila mara, nasi tukadhani ni furaha imemzidi.

Mchana mmoja, siku chache baada ya hapo, alitukuta mimi na mama mkwe tukipukuchua mahindi barazani. Akakaa, akanywa maji, akasema, "Wifi, nimekuja kuomba malazi."

"Malazi ya nani?" mama mkwe akamuuliza. "Si mnahamia Lugari?"

"Ya samaki wangu."

Mama mkwe aliweka gunzi chini. Senge akaeleza. Shamba la huku lilikuwa linabaki kwa shemeji yake, na shemeji hakutaka samaki. Alitaka kukausha bwawa apande nduma. Kule Lugari hapakuwa na bwawa, na msimu wa kwanza wote ungekuwa wa kung'oa visiki na kupanda mahindi. Alihitaji mtu wa kumwekea samaki mpaka achimbe lingine.

"Nimetunza ng'ombe wa watu," alisema mama mkwe. "Nimetunza mbuzi, nimetunza hata kuku wa mwalimu wakati wa likizo. Samaki nitamfunga kamba wapi?"

Senge akanigeukia mimi. "Si wewe. Ni huyu. Hawa wana shimo."

Shimo lilikuwapo kweli. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja mjini Kakamega. Alipanga chumba Amalemba na kuja nyumbani Jumamosi. Tulikuwa tukifyatua matofali ya kujengea nyumba yetu, na pale tulipochota udongo, karibu na kijito, palibaki shimo pana lililojaa maji ya mvua. Udongo wake wa mfinyanzi haukuvujisha hata tone. Nilikuwa na mpango wa kulifukia.

Nilikuwa mke mgeni katika boma lile. Nilipika, nilichota maji, nilisalimu kwa kupiga magoti, na bado sikujua sauti yangu ilikuwa na nafasi gani. Hakuna aliyekuwa ameniomba kitu kikubwa. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Walete, senge. Nitawatunza."

Mama mkwe akaokota gunzi lake. "Haya," akasema. "Mwenye mdomo ndiye mchungaji."

Jumamosi mume wangu alipofika alifurahi sana. Akavua shati la ofisi, akashika debe, akataka kwenda kuwamwaga wote siku ile ile. Senge akamzuia kwa mkono. "Unahamisha matofali au viumbe? Tuwapeleke wachache kwanza. Shimo nalo lina tabia yake."

Tukapeleka wachache. Asubuhi iliyofuata niliwakuta juu ya maji, midomo wazi, wakitweta kama watu waliopanda mlima. Nilitupa ndoo nikavuka kijito mbio nikimwita senge. Alikuja na leso haijafungwa vizuri, akachutama, akachota maji kwa kiganja, akanusa.

"Maji haya yamelala," akasema. "Hayapumui. Warudishe nyumbani, tuyaamshe."

Tukawarudisha kabla jua halijapanda, na hakuna aliyekufa. Kisha tukaanza kazi. Tulitoa magugu na majani yaliyooza. Mume wangu alichimba mfereji mwembamba kutoka juu ya kijito, na mwisho wake tukaweka nusu ya mwanzi uliopasuliwa, maji yaanguke shimoni kutoka juu, yakipiga kelele. Upande wa chini tukafungua njia ya kutokea, tukaiziba kwa kikapu kilichosukwa wazi, maji yapite, samaki wasipite. Senge alitaka kivuli, tukapanda nduma ukingoni, na kwa siku zile za mwanzo tukalaza majani ya mgomba upande mmoja. Halafu akatuambia tuliache shimo litiririke mpaka maji yabadilike rangi. Kila nilipopita kwenda kuchota maji nilitazama, na kila siku rangi ya matope ilipungua, mpaka nikaona vijiti vilivyokuwa chini.

Siku ya kuwahamisha tulianza asubuhi na baridi. Mume wa senge alitoboa ukingo wa bwawa, maji yakashuka polepole, na wanawake wa pande zote mbili za kijito wakaingia matopeni na vikapu. Nilikuwa sijajua wapo wengi vile. Waligeuka-geuka kwenye matope, wengine wakubwa kama kiganja na vidole vyake vyote. Tuliwaweka kwenye madebe na mitungi yenye maji yao wenyewe ya bwawani, na juu tukaweka nyasi mbichi ili maji yasirukeruke na wao wasione mbingu wakatamani kuruka.

Mama mkwe alikuwa amesema hatashika samaki mbichi wa mtu. Alikuja kutazama tu. Lakini alipoona mikono haitoshi, aliinama, akajitwika mtungi, akatangulia. Tulikuwa katikati ya kijito, juu ya mawe, samaki mmoja mkubwa alipopiga mkia. Maji yote ya juu yakamwagika, yakampitia usoni na shingoni. Akasimama pale pale, mtungi kichwani, macho yamefumba.

"Wifi," akaita, "huyu wako ananibatiza mara ya pili!"

Tulicheka mpaka ikabidi tushike mawe. Naye alicheka, lakini shingo yake haikutikisika, na mtungi ulifika mzima.

Kwenye shimo senge hakuruhusu mtu amwage. Aliliweka kila debe majini kwa muda, kisha akawa anaongeza maji ya shimo ndani yake kwa kibuyu, kidogo kidogo. "Mgeni huonjeshwa kwanza," akasema. Alipoona wametulia, aliliinamisha debe, na samaki wakatoka wenyewe, mmoja mmoja, wakapotea chini. Alibaki amechutama pale hata baada ya sisi kumaliza. Kesho yake lori liliwachukua yeye na mumewe, na vitanda, na kuku, kuelekea Lugari.

Basi nikawa mchungaji wa samaki. Niliwapa mabaki ya ugali, lakini si mengi, maana senge alikuwa amenionya kwamba chakula kinachobaki huoza na kuyalaza maji tena. Niliwakatia majani ya nduma. Nilifagia kikapu cha chini kila asubuhi kisizibe. Akaja korongo, akasimama kwa mguu mmoja kama mtu anayesubiri kuhudumiwa. Nikasimika miti na kukaza kamba huku na huku juu ya maji, akakosa pa kutua, akaondoka. Akaja kenge; tukazungushia miiba.

Ninasema tukazungushia kwa sababu mama mkwe alikuwa ameanza kupita pale. Mwanzoni alisema anapeleka jivu shambani. Kisha kumbikumbi wakatoka baada ya mvua ya kwanza, akawakusanya, akawakaanga na kuwaanika kama kawaida yake. Kumbikumbi wa mama mkwe hawakuguswa na mtu bila ruhusa. Siku moja nilimkuta ukingoni akiwarushia samaki konzi nzima, akiongea nao kwa Kiluhya, taratibu, kama anavyoongea na ng'ombe wakati wa kukama. Nikarudi nyuma kimyakimya, nikaimba kwa mbali ili ajue naja.

"Wanakulanga hizi vizuri," akaniambia nilipofika, bila kunitazama.

Kisha mvua kubwa zenyewe zikaja. Aliyewahi kukaa Kakamega anajua mvua ya mchana: asubuhi jua, saa za kula mawingu meusi, halafu mbingu inafunguka. Alasiri moja ilikuja na mawe. Yalipiga bati la jikoni hatukuweza kusikizana. Nilichungulia, nikaona kijito kimekuwa chekundu na kimepanda. Nikafikiria mfereji wetu. Ulikuwa unaleta maji yote yale shimoni, na shimo likifurika, samaki wa senge wangekwenda na mto, wakaliwe na watu wasiowajua.

Nilichukua jembe nikatoka. Mvua ya mawe ilinipiga mabegani. Nilipofika, maji yalikuwa karibu kuupita ukingo. Nikaanza kuziba mfereji kwa mabonge ya nyasi na udongo, na kila bonge likachukuliwa. Ndipo nikaona miguu karibu yangu. Mama mkwe alikuwa amejifunika sufuria kubwa kichwani kujikinga na mawe, na mkononi ana jembe lake.

"Hapo huwezi!" akapiga kelele. "Usipigane na maji, yape njia!"

Akakata ukingo wa mfereji huko juu, maji yakapinda kuelekea kijitoni. Hapo ndipo mabonge yangu yalipokaa. Lakini shimo lilikuwa bado linajazwa na mvua, na kikapu cha chini kilikuwa kimezibwa na majani yaliyopasuliwa na mawe. Niliingia majini hadi kifuani, nikakishikilia kikapu kisitoke, huku yeye akiyatoa majani kwa mikono. Nilihisi samaki wakigonga magoti yangu. Tulikaa vile mpaka mawe yakageuka mvua, na mvua ikawa manyunyu.

Nyumbani alinipa blanketi lake na chai ya tangawizi. Tulikuwa tunatetemeka wote wawili. "Binti yangu," akasema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "senge akirudi usimwambie nilivaa sufuria."

Maji yalipotulia tuliona kitu kipya: wingu dogo jeusi likitembea kandokando ya ukingo. Lilikuwa la vitoto vya samaki, vyembamba kama sindano. Ngege mmoja, mama yao, alikuja, akafungua mdomo, vikaingia vyote ndani kama watu wanaokimbilia nyumba mvua inapokuja. Mama mkwe alinishika mkono. Aliwaita majirani waje waone.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Vitoto vile ni vya nani? Mume wangu alisema ni vya senge, samaki ni wake. Mama mkwe akasema, "Aliyechunga ng'ombe hunywa maziwa." Mume wangu akauliza vitoto ni maziwa au ni ndama. Jumamosi nzima waliligeuza neno hilo, na hawakufika popote.

Senge alirudi baada ya mavuno, juu ya lori lililoleta mahindi, akiwa mwembamba zaidi na mwenye kucheka zaidi. Bwawa la Lugari lilikuwa limechimbwa. Hakuingia nyumbani, alishuka moja kwa moja shimoni, nasi tukamfuata. Alirusha ugali. Maji yakachemka kwa samaki. Alisimama, mkono mdomoni.

"Nilikuwa nimejiambia nikikuta nusu nitashukuru," akasema.

Mama mkwe akakohoa. "Wifi, kuna hawa wadogo pia..."

"Hao niliwaacha mimi?" senge akamkatiza. "Niliacha wakubwa. Hao sijawaona. Ni wenu."

Tuliwapakia wakubwa alfajiri, kwa nyasi na maji yao, na senge akakaa nyuma ya lori katikati ya madebe, mkono huku na mkono kule. Habari zikaja baadaye kwamba walifika salama isipokuwa wachache sana.

Nyumba yetu ilijengwa mwaka uliofuata, lakini matofali yaliyopungua tulichota udongo wake kwingine. Shimo lile mama mkwe alilipanua mwenyewe. Wageni wakija alichinja kuku. Wakiuliza kuhusu samaki, aliwapeleka wakawaone, akawarudisha nyumbani, akawapa kuku.