Bwana Mdogo na Blanketi Lake

Shangazi yangu ana waume wawili, na anayebisha aje uani kwake mchana ajionee. Wa kwanza ni mjomba, aliyemuoa wote wawili wakiwa vijana wenye meno kamili. Wa pili ni pampu ya bwawa. Anaiita Bwana Mdogo. Kila asubuhi anaisalimia, na akipita na ndoo anaiambia, "Hebu nipishe," wakati pampu yenyewe imefungwa kwa nati kwenye zege.

Msimcheke, au mkimcheka, mcheke kidogo. Huyu ni mtu aliyekuwa dobi wa hospitali maisha yake yote ya kazi. Alishinda ndani ya mvuke, mashuka meupe yakizunguka nyuma ya vioo vya mashine, na mle ndani hakukuwa na wa kuongea naye ila mashine zenyewe. Moja aliiita Mkwe, kwa sababu ililalamika hata ikipewa foronya moja. Alistaafu akiwa na vidole vilivyolainika kama vya mtoto mchanga, na tabia ya kuhurumia chuma.

Bwawa lake si la kuchimba. Ni lile linalosimama juu ya ardhi, fremu ya chuma na turubai la buluu, maji yanafika kifuani. Alilinunua kwa watu waliokuwa wanahama, akasema amefua mashuka ya wengine vya kutosha, sasa anataka maji ya kukaa ndani yake tu. Ukoo mzima ulisema mama wa watu kachanganyikiwa. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema, na kwa sauti.

Halafu mjomba akapigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalegea na ulimi ukafungika. Mtu aliyekuwa akisimulia habari ya dakika mbili kwa saa nzima, sasa anatazama dari. Muuguzi aliyekuwa akimnyoosha viungo akashauri mazoezi ya ndani ya maji, ila akaonya: maji yawe safi, la sivyo msimtie, ngozi yake haitahimili. Seremala akatengeneza ngazi pana, kila kidato unaweza kukikalia. Tukamshusha kidato kwa kidato, mimi huku, shangazi kule. Alipoelea, kiganja cha shangazi kikiwa chini ya kisogo chake, mjomba akafumbua mdomo na kusema, wazi kabisa:

"Maji matamu."

Nusura shangazi amwachie azame.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Ndani ya nyumba, kimya. Majini, anapata maneno mawili matatu. "Wingu kubwa lile." "Ndege yule tena." Ukimtoa na kumfuta, ulimi unarudi kufungika. Daktari alipoulizwa alisema mambo ya ubongo hayo, mengine hata wao wanayatazama tu. Lakini shangazi hakuhitaji maelezo. Alihitaji maji safi, na maji safi ni pampu.

Mchana ule wa bwawa nilikuwa naupenda kuliko niwezavyo kueleza. Nilikuwa nakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mwanga wa maji unachezacheza kwenye ukuta wa jiko, pampu inavuma, na nilikuwa sijui tena kama niko macho au nimelala. Shangazi alikuwa akimzungusha mzee wake polepole, uso ameuinamia, midomo yake inacheza bila kukoma. Nilikuwa sisikii anachosema kwa ule mvumo. Nilidhani anaomba dua.

Basi Bwana Mdogo akaanza kukohoa. Tukamwita fundi wa pampu, mtaani wanamwita Sikio, maana hafungui kitu kabla hajakisikiliza. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini sikioni, anafumba macho, na hapo hata ukimwambia nyumba inaungua atakwambia subiri. Akasikiliza. Akafumbua macho.

"Mama, hii ni ya siku nyingi?"

"Niliikuta na bwawa. Kwani hizi huishi muda gani, fundi?"

"Inategemea na anayeitunza. Asiyejali, miaka mitatu minne, kwisha. Anayejali, ya kisasa inaweza kufika minane, hata kumi. Usafishe kikapu cha majani, isivute hewa bila maji, iwe kivulini na ipate upepo. Hii yako imepitiliza. Beringi zimeliwa, ndiyo hayo makelele."

"Lakini bado ipo ipo?"

"Ipo. Ila kila siku ni ya nyongeza."

Shangazi akakaza leso kiunoni, akamtazama mjomba kwenye kiti chake barazani. "Na nikiitunza sana? Sana sana?"

Sikio naye si mjinga. Akalainisha sauti. "Tunza, mama. Kutunza hakujawahi kuharibu kitu."

Kumbe hakumjua shangazi yangu.

Wiki ile ikaja na baridi. Asubuhi Bwana Mdogo akawa anakohoa vibaya, anakwama, anaanza tena. Mimi niliona mota mbovu. Shangazi aliona mgonjwa. Akaingia ndani, akatoka na blanketi zito la sufu, akamfunika gubigubi, akalikunja pembeni vizuri kwa ule mkunjo wa kitanda cha hospitali. Kikohozi kikapungua, au tuseme hakikusikika. Akafurahi. Baridi ikaisha, jua likatoka kali, blanketi likabaki.

Harufu ndiyo iliyoniamsha kwenye ndoo yangu. Tukaikuta mota inafuka moshi ndani ya sufu. Sikio akaja mbio, akalinyanyua blanketi kwa vidole viwili, akatugeukia.

"Nani kamvalisha huyu?"

"Alikuwa anasikia baridi," shangazi akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Fundi alitaka kucheka, nikamkazia jicho. Akasema taratibu kwamba mota hupumua kwa feni ya nyuma, na ukiifunika inajipika yenyewe. Nyaya zimeungua. Hakuna cha kufanya.

Shangazi akaketi chini, pale pale kwenye maji yaliyomwagika. "Nimemuua kwa mkono wangu," akasema. Wala hakuwa analilia pampu, nisiwadanganye. Siku ya kwanza maji yalitulia. Baadaye yakaanza kufanya utelezi, kisha yakawa kijani, na mjomba hakuingia. Alikaa barazani akitazama turubai, hata mkono mzima hakuunyanyua tena. Kijiko kikifika mdomoni, anageuza uso. Shangazi alimwogesha kwa beseni akimbembeleza, "Sema neno, mzee wangu. Hata nitukane." Kimya. Usiombe uone.

Ukoo ule ule uliomsema ukachanga, nami nikatangulia, kufidia mdomo wangu. Pampu mpya ikaja. Sikio akaifunga chini ya kibanda kidogo cha bati kilicho wazi pande zote, akasafisha maji mpaka ukaona mshono wa turubai chini. Akawasha. Tukasubiri.

"Mbona haiwaki?" nikauliza.

"Inawaka hiyo."

Nikaweka mkono. Kweli, ilikuwa inatetemeka kidogo tu. Shangazi akaguna. "Hii haina roho," akasema. "Mzee amezoea kulala kwenye ule mvumo. Hataongea na kitu bubu kama hiki."

Tukamshusha kidato kwa kidato. Akaelea. Mwanga ukarudi ukutani kwa jiko, ule ule, lakini mjomba hakusema kitu. Wingu likapita, kubwa. Ndege akatua kwenye fremu. Kimya. Nikamwona shangazi anamwinamia, midomo inaanza kucheza kama kawaida yake.

Safari hii hapakuwa na mvumo wa kuficha. Nikasikia.

"Usiniache," alikuwa anasema. "Nakuomba usiniache. Usiende. Nitabaki na nani? Usiniache, baba." Anarudia na kurudia, mchana kutwa, kumbe ndiyo dua yenyewe, miezi yote ile.

Mjomba akafumbua macho. Akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeamshwa na jina lake.

"Siendi popote," akasema.

Shangazi akainua uso. "Umesema?"

"Siendi." Akapumzika, akatafuta maneno. "Midomo... naiona kila siku. Sikusikia. Ile pampu yako... makelele."

Mimi nikajifanya natafuta taulo, nililokuwa nimelishika mkononi. Niliporudi kutazama, shangazi alikuwa ameweka paji la uso juu ya paji lake, analia na kucheka kwa pamoja, hadi kiganja kikasahau kazi yake na maji yakamwingia mzee puani.

"Nyanyua kichwa, wewe!" akamfokea, akimdaka. "Si umesema huendi?"