Nguzo ya Mabatini

Longino alikuwa fundi baiskeli wa Mabatini, mtu mzima asiyemtazama mtu usoni, anayeziba masikio honi ikilia. Wajinga, nao walikuwa wengi, walimwita zezeta. Mwalimu Mashimba, aliyemfundisha karate katika ghala tupu la pamba, hakutaka kulisikia neno hilo. Nani mwingine angerudia pigo moja mara mia bila kulipua hata moja?

Katikati ya ghala palikuwa na nguzo. Mashimba aliwazoesha wanafunzi kuikwepa kwa hatua moja pembeni, mpaka mwenyewe akasahau kwamba hatua hiyo haimo katika karate.

Mwaka 1993 walivuka ziwa kwenda Nansio kuonyesha mchezo wao uwanjani, mmoja mmoja. Wa kwanza alipofika katikati akaruka pembeni, akikwepa hewa. Wa pili naye vilevile. Kufikia wa tano watu walikuwa hoi kwa kicheko, na Mashimba jasho linamtoka.

Akaingia Longino. Akapita katikati, amenyooka, pigo baada ya pigo, hadi mwisho. Kicheko kikakatika.

"Nani kakwambia upite pale?" Mashimba akamuuliza kwa mshangao.

Longino alikuwa akitazama nyasi.

"Mwalimu, nguzo tumeiacha Mabatini."